Namna ya Kuandaa Mkutano wa Chama cha Historia ya Ukoo Utakaomfaa Aliyekwama

Mama mmoja alikuja kwenye mkutano wetu na bahasha ya kaki na daftari lililojaa majina. Kwa miaka sita alikuwa akimtafuta bibi yake mzaa mama kwenye rejista ya ndoa, asimpate. Siku hiyo tulikuwa na mzungumzaji mzuri. Aliongea saa nzima kuhusu picha za zamani, tukapiga makofi, watu wakaanza kuchukua mikoba yao. Hapo ndipo yule mama alipomtajia jirani yake jina analolitafuta: Rukia. Jirani akamuuliza, "Umeshaangalia kwenye L?" Hakuwa ameangalia. Wiki mbili baadaye alipiga simu, sauti inamtetemeka. Karani wa zamani aliandika alichosikia, Lukia, na faharasa ya rejista ilipangwa kwa herufi ya kwanza.

Jibu lake lilikuwa limekaa kiti cha pili kutoka kwake muda wote, na sisi waandaaji hatukuwa tumetenga hata dakika tano za kulitoa. Tangu siku ile kila mkutano ninaouandaa naupanga nikimfikiria mtu mmoja: yule aliyekwama. Hatua zinazofuata ni za katibu, mratibu wa ratiba, au yeyote aliyeambiwa "tutafutie mtu wa kuzungumza mwezi ujao".

Hatua ya 1: Kusanya maswali kwanza, wazungumzaji baadaye

Waandaaji wengi huanza kwa kujiuliza nani anapatikana. Anzia kwingine. Miezi miwili kabla ya kupanga ratiba ya mwaka, mpe kila mwanachama nusu karatasi yenye maswali manne: unamtafuta nani, aliishi wapi na yapata mwaka gani, jambo gani la mwisho unalijua kwa uhakika na umelijuaje, na umeshatafuta wapi ukakosa.

Swali la nne watu hupenda kuliruka, kwa hiyo wasisitizie. Mtu akiandika "nimetafuta kila mahali" huna pa kumshika. Akiandika kwamba amepekua rejista ya ndoa ya miaka kumi, chini ya herufi R tu, mwenzake ataona mara moja pale palipobaki.

Upande wa undugu, usikubali neno "babu" likae peke yake. Kwa Kiswahili babu anaweza kuwa baba wa baba, baba wa mama, kaka wa mmoja wao, au mzee yeyote tunayemheshimu. Kaka anaweza kuwa mtoto wa mama mdogo. Mama anaweza kuwa aliyelea, asiwe aliyezaa. Maneno haya yanatuunganisha vizuri nyumbani, lakini kwenye fomu yanapoteza watu. Ndiyo maana naomba kila mtu aandike kwa ukamilifu, "babu mzaa baba", "bibi mzaa mama", na pembeni aweke namba. Hesabu ya namba hizi ilichapishwa Ulaya tangu mwaka 1590 na inaeleweka kwa dakika moja: wewe ni 1, baba yako 2, mama yako 3. Ukitaka baba wa mtu yeyote, zidisha namba ya mtu huyo kwa mbili. Ukitaka mama yake, zidisha kwa mbili kisha ongeza moja. Babu mzaa baba ni 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Rukia wa yule mama ni namba 7, na ukisema "namba 7 wangu" hakuna atakayeuliza unamaanisha bibi yupi.

Fomu zikirudi, zipange mafungu kwa aina ya kikwazo: tahajia ya majina, kuhama, nyaraka zilizopotea, umri na tarehe zisizokubaliana, matokeo ya DNA. Fungu nene kuliko yote ndilo mada yako ya kwanza.

Hatua ya 2: Geuza mafungu kuwa ratiba ya mwaka

Kwa chama kinachokutana mara kumi kwa mwaka, mazungumzo sita ya mgeni yanatosha kabisa. Mikutano miwili iwe warsha ambapo watu wanaleta nyaraka na kufanya kazi mezani. Mmoja uwe wa wanachama wenyewe, kila mmoja dakika kumi kuhusu kitu kimoja tu, iwe picha, cheti au barua. Mmoja uwe mkutano mkuu wa mwaka, na huo ufupishe kadiri katiba ya chama inavyoruhusu.

Mada nzuri ni ile inayomfundisha mtu njia, hata kama ukoo wake hauhusiani kabisa na mifano ya mzungumzaji. Chukua tahajia. Mwaka 1918 Robert Russell alipata hataza nchini Marekani kwa mfumo wa kupanga majina kwa sauti badala ya herufi, na mfumo uliotokana nao, Soundex, bado unatumika kwenye hifadhidata nyingi za ukoo. Unabakiza herufi ya kwanza, unaziacha irabu, kisha konsonanti zinazokaribiana kwa sauti unazipa tarakimu moja. Lakini uliundwa kwa sikio la Kiingereza. Rukia anakuwa R200, Lukia anakuwa L200, na kompyuta haitawakutanisha kamwe. Hata R na L zikiwa katikati ya jina mambo ni yale yale: Halima ni H450, Harima ni H650. Mwanachama akilielewa hili ataacha kuitegemea mashine, ataandika mwenyewe orodha ya namna zote ambazo karani angeweza kulisikia jina, kisha atafute moja baada ya nyingine. Mazungumzo ya namna hiyo yana faida kuliko jioni tatu za hadithi za watu mashuhuri.

Nyaraka zilizopotea ni mada nyingine yenye kina. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika kwa moto uliotokea Washington Januari 1921. Sensa ya England na Wales ya 1931 iliteketea mwaka 1942. Huko Dublin jengo la hifadhi ya taifa liliungua mwaka 1922, katika mapigano, likaondoka na karne nyingi za kumbukumbu za Ireland. Mwalike mtu atakayeonyesha watafiti wa maeneo hayo wanazungukaje pengo: orodha za walipa kodi, wosia, kesi za ardhi, magazeti, nakala zilizowahi kupigwa kabla ya moto. Anayefikiri amefika ukutani atatoka na vyanzo vitano ambavyo hakuwahi kuvigusa.

Panga pia kwa kufuata siku ambazo nyaraka zinafunguliwa. Majibu ya sensa ya Marekani hufungwa miaka 72, ndiyo maana ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022 na ya 1960 inatazamiwa Aprili 2032. England na Wales hufunga miaka 100. Ya 1921 ilitoka Januari 2022. Uliza hifadhi ya nyaraka ya nchi mnayoitafiti ina kanuni gani, kisha weka warsha mwezi mmoja baada ya ufunguzi. Msiiweke siku ile ile, kwa sababu tovuti huwa zimezidiwa.

Mwisho, andaa mkutano wa akiba. Huu ni mkutano ambao vifaa vyake vimekaa tayari kwenye boksi, unaoweza kuendeshwa na mwanachama yeyote mzungumzaji asipotokea. Wa kwetu ni nakala za waraka mmoja mgumu kusoma, makundi ya watu wanne wanne, na dakika arobaini za kuusoma pamoja. Tumeutumia mara mbili, na mara zote mbili watu waliomba urudiwe.

Hatua ya 3: Mwandikie mzungumzaji barua isiyoacha swali

Mwandikie miezi sita kabla. Mweleze tarehe, mahali, idadi ya watu mnaotarajia, uzoefu wao, vifaa vilivyopo, nani atampokea, na mtamlipa nini: nauli, honoraria, au shukrani tu. Suala la malipo likitajwa mapema kwa maandishi halimwaibishi yeyote. Likiachwa hadi mlangoni linamwaibisha kila mtu.

Kisha mwombe mambo mawili ambayo wazungumzaji wengi hawajawahi kuombwa. La kwanza, azungumze dakika 45, asizidi. La pili, achukue kisa kimoja cha utafiti wake na akieleze tangu mwanzo, pamoja na mahali alipopotea njia. Wasikilizaji hujifunza zaidi kwa kuona mtu alivyomfuata babu asiye wake kwa mwaka mzima, akagundua, akarudi nyuma, kuliko kwa kuonyeshwa mti uliokamilika wenye matawi yaliyonyooka.

Ambatisha fomu tatu za wanachama, kwa ruhusa yao, ili ajue anakuja kuzungumza na nani. Omba ruhusa ya kurekodi mapema na kwa maandishi, na uheshimu akikataa. Slaidi zake ni kazi yake, na picha zilizomo zinaweza kuwa za familia nyingine. Mkumbushe mwezi mmoja kabla, na tena siku tatu kabla.

Hatua ya 4: Tangaza, na saa uiandike mara mbili

Tangazo liseme mada kwa lugha ya faida. "Historia ya rejista za ndoa" haimwiti mtu. "Jina halionekani kwenye rejista? Njia saba za kulitafuta" linamwita yule hasa unayemtaka.

Saa ndiyo iliyotuangusha sisi. Tuliandika "saa 8", tukimaanisha mchana, kama anavyoelewa kila mzungumzaji wa Kiswahili. Mgeni wetu, aliyeishi ugenini miaka mingi, alijiunga mtandaoni saa 2 asubuhi, saa yake ilipoonyesha 08:00. Alikaa mbele ya skrini tupu, akaamini tumemsahau. Siku hizi kila tangazo letu lina mstari huu: "Saa 8:00 mchana (14:00)", na kama kuna walio nchi nyingine tunaongeza saa za kwao. Ukoo mmoja siku hizi umetawanyika mabara matatu. Mstari mmoja unaokoa siku nzima.

Hatua ya 5: Ukumbi na vifaa

Hapa sitakaa sana. Fika saa moja kabla. Washa projekta ukiwa na waya wa ziada na nakala ya slaidi kwenye flashi. Panga viti nusu duara, wazee na wenye usikivu hafifu mbele. Tumieni kipaza sauti hata kama chumba ni kidogo, na swali lolote linaloulizwa kutoka nyuma mwenyekiti alirudie kwenye kipaza sauti kabla halijajibiwa. Kama kuna walio mtandaoni, mpe mtu mmoja kazi hiyo peke yake. Anayeendesha mkutano hawezi pia kusoma ujumbe wa skrini.

Andaa vitambulisho vya kifuani, na chini ya jina la mtu ziandikwe koo mbili au tatu anazotafiti na mahali zilipoishi. Nimeona watu wasiojuana wakigundua undugu kwa kusomana vifua kwenye foleni ya kuandikisha majina.

Hatua ya 6: Linda dakika arobaini za mwisho

Mkutano wa saa mbili naugawa hivi: dakika 10 za karibisho na matangazo, 45 za mzungumzaji, 10 za maswali kwake, 15 za mapumziko, 40 za meza ya maswali. Matangazo ndiyo mwizi mkubwa. Yaliyo marefu yapelekwe kwenye kundi la simu au karatasi mlangoni, na mambo ya ada na akiba yasubiri mkutano mkuu. Mwenyekiti awe na kadi mbili za kumwonyesha mzungumzaji, "dakika 10" na "dakika 2", na amwambie kabla kwamba atazitumia.

Hatua ya 7: Endesha meza ya maswali

Hapa ndipo mkutano unapolipa. Chagua fomu nne tu kwa siku, uzitaje wiki moja kabla ili wenyewe waje na nyaraka zao. Gawa watu kwenye meza nne. Kila meza iwe na aliyekwama, msikilizaji mmoja mzoefu, mwandishi, na wengine wanne au watano.

Anayeuliza anapewa dakika tano za kueleza bila kukatizwa. Anaanza na kile anachokijua kwa uhakika na kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja, kutoka kwake hadi kwa mzazi hadi kwa babu. Wengi huanza juu, kwa shujaa wa ukoo aliyesimuliwa, wakitaka kushuka hadi kwao, na njiani wanaruka kizazi bila kujua. Masimulizi ya wazee ni chanzo chenye thamani, na lazima yaandikwe: nani alisema, alisikia kwa nani, lini. Kisha yawekwe kando ya nyaraka zilinganishwe, kama unavyolinganisha mashahidi wawili.

Baada ya hapo meza inauliza, na maswali yenyewe yana mpangilio. Kwanza, litamke jina kwa sauti. Hili ndilo lililomtoa Rukia mafichoni. Litamkeni wote, kila mmoja kwa lafudhi yake, na mwandishi aandike kila namna anayosikia. Pili, onyesha waraka wenyewe, usiusimulie. Mara nyingi mwenye waraka ameusoma mara mia hata haoni tena kilichomo: jina la shahidi kwenye cheti cha ndoa, muhuri wa studio nyuma ya picha, kazi ya baba iliyoandikwa kwa mwandiko mdogo. Mashahidi hasa waangaliwe, kwa kuwa kwa kawaida walikuwa ndugu au majirani, na pengine kumbukumbu zao zimesalia pale ambapo za mhusika zimepotea.

Tatu, umri na tarehe zimetoka wapi? Umri kwenye waraka ni kauli ya mtu, na wakati mwingine ni kauli iliyosawazishwa na karani. Katika sensa ya Uingereza ya 1841 makarani waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi tano au kumi iliyo chini, hivyo mtu wa miaka 34 aliandikwa 30. Mtafiti asiyelijua hili anamkataa babu yake halisi kwa tofauti ya miaka minne. Nne, majirani walikuwa nani? Watu walihama pamoja na kuoleana na wa karibu. Ukiwapoteza wako, wafuate majirani.

Meza ikimaliza, mwandishi anaandika hatua moja tu ya kufuata, yenye mahali na kitu cha kutafuta. "Endelea kutafuta" haikubaliki. "Tazama rejista ya ndoa, herufi L, miaka hiyo hiyo kumi" inakubalika. Ikiwa chanzo kinapatikana mtandaoni, fungueni hapo hapo. FamilySearch, tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo, ni ya bure, na ilimaliza mwaka 2021 kuweka kwenye dijitali mikanda yake ya mikrofilamu (filamu zenye picha ndogo za nyaraka), zaidi ya milioni mbili, kazi ya kupiga picha nyaraka iliyoanza mwaka 1938. Si kila picha ina faharasa. Nyingi zinataka kufunuliwa ukurasa kwa ukurasa, na watu wa meza moja wanaweza kugawana kurasa.

Hatua ya 8: Linda walio hai

Weka kanuni tatu, zisomwe mwanzoni mwa kila mkutano kwa maneno machache. Habari za mtu aliye hai hazionyeshwi skrini bila idhini yake. Kinachosemwa mezani hakipelekwi kwenye makundi ya simu. Hakuna anayepiga picha waraka wa mwenzake bila kuomba.

DNA inahitaji uangalifu zaidi. Kabla ya mazungumzo ya mada hiyo, mwambie mzungumzaji aeleze kwamba matokeo yanaweza kufunua mzazi asiyetarajiwa, na kwamba jambo hilo humhusu pia ndugu ambaye hakupima. Aeleze na mipaka. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki karibu nusu ya vinasaba, watoto wa ndugu wawili karibu asilimia 12.5. Lakini ndugu wa mzazi mmoja, shangazi, mjomba, babu na mjukuu wote huangukia karibu robo. Namba peke yake haikwambii ni yupi. Umri na nyaraka ndivyo vinavyoamua. Mtu akipata habari nzito mkutanoni, awepo mmoja kati yenu aliyepangwa kutoka naye nje, kukaa naye, na kutomwuliza chochote hadi aongee mwenyewe. Tumemhitaji mtu huyo mara moja, na nilishukuru kwamba tulikuwa tumempanga.

Hatua ya 9: Andika, kisha rudi

Ndani ya siku tatu, tuma muhtasari wa ukurasa mmoja: hoja tano za mzungumzaji, na hatua nne zilizotoka mezani bila majina ya walio hai. Mshukuru mzungumzaji kwa barua, umtajie jambo moja ambalo mwanachama amelifanyia kazi kutokana na maneno yake.

Fomu usizitupe. Ziweke kwenye faili kwa jina la ukoo na mahali, kwa sababu mwanachama mpya wa mwakani huenda anatafuta watu wale wale. Na tafuteni nafasi ya kuandika pia yaliyokosekana: rejista ipi ilipekuliwa, miaka ipi, tahajia zipi, na nani aliyepekua. Orodha hiyo ya "tulitafuta, hakuna" humwokolea anayefuata miezi ya kazi.

Kwenye mkutano unaofuata, kabla ya jambo lingine lolote, wale wanne wa mwezi uliopita wasimame mmoja mmoja na kusema walichokikuta. Dakika moja kila mtu. Aliyekosa aseme amekosa wapi, na fomu yake irudi kwenye rundo la juu.